Fimbo na Mkono Mstari Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kuchambua Swingi ya Bapa Moja

Pale Jinja ninapofundisha gofu kuna mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, ambaye akisimama kupiga mpira vijana wa kubeba mifuko hugeuka wote kumtazama. Husimama mbali na mpira kuliko mtu yeyote uwanjani. Miguu huitanua kama mtu anayezuia ng'ombe mlangoni mwa zizi, mikono huinyosha mbele, na kichwa cha fimbo hukiweka nyuma ya mpira kiasi cha shubiri nzima. Kisha anapiga, na mpira unapita katikati ya feawei, ile njia ya nyasi fupi, kama ulivyopita Jumamosi iliyotangulia.

Msimu mzima nilijaribu kumrekebisha. Nilimsogeza karibu na mpira, nikamwambia aiachie mikono ining'inie, apunguze upana wa miguu. Alinitii, maana ni mtu wa nidhamu, na mipira ikaanza kwenda vichakani. Siku moja akaniita pembeni, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kambini: "Mwalimu, umeniangalia sana, lakini hujanipima." Nilimwomba radhi, nikatoa simu, nikaanza upya. Niliyoyaona kwenye picha ndiyo ninayotaka kukuonyesha, ili uweze kuichambua swingi (mzungusho wa fimbo wakati wa kupiga) ya namna hii, iwe yako au ya mtu aliyekuamini, kabla hujaigusa.

Maelezo yote ni ya mtu anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa mashoto ageuze pande.

Bapa ni kitu gani

Chukua bati la kuezekea, liegemeze ukutani. Sasa fikiria bati hilo limetobolewa tundu la kupitisha kichwa chako, limekaa mabegani mwako, na ukingo wake wa chini umegusa ardhi pale mpira ulipo. Uso huo ulionyooka na kuinama ndio ambao hesabu za shuleni huuita bapa. Mwaka 1957 mcheza gofu Ben Hogan wa Marekani aliwaelezea wasomaji wake jambo hilohilo kwa mfano wa kioo kilichoegemea mabegani. Fimbo inapozunguka, huzunguka juu ya uso kama huo, au karibu yake.

Sisi tuliosoma Uganda tunalijua bapa kwa mikono kabla ya kulijua kwa akili. Umewahi kufyeka uwanja wa shule kwa slasha? Mtoto mgeni hukata nyasi ngazi ngazi, hapa juu, hapa chini, mara slasha inachota udongo. Aliyezoea hupitisha ubao wa slasha kwenye mteremko uleule kila mara, na nyuma yake nyasi zinabaki zimelingana kama zulia. Hakuna anayemfundisha pembe. Mkono wake na chuma chake vimekuwa kitu kimoja.

Kwa nini wengi wana bapa mbili

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo tusipite haraka.

Mchezaji wa kawaida akisimama mbele ya mpira, mikono yake inaning'inia kutoka mabegani. Ukimtazama kutoka nyuma, macho yako yakielekea shabaha, utaona mistari miwili: mstari wa mkono unaoshuka karibu wima, na mstari wa fimbo unaotoka kwenye vidole kuelekea mpirani. Mistari hiyo inakutana kwenye vifundo vya mikono na kufanya pembe.

Anapopiga, pembe ile inafunguka. Mimi nimekulia Butaleja, karibu na mashamba ya mpunga ya Doho, na kazi ya utoto wetu ilikuwa kuwafukuza ndege kwa kombeo. Kombeo likizungushwa, kamba haibaki imepinda. Jiwe linaivuta mpaka inyooke na mkono. Kichwa cha fimbo nacho ni jiwe. Chuma namba 7, yaani fimbo ya chuma ya masafa ya kati, kikishuka kwa kasi ya mita 36 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mchezaji wa kawaida, kinaivuta mikono yako kuelekea nje kwa nguvu inayozidi uzito wa jerikeni la lita 20 lililojaa maji. Vifundo vya mikono haviwezi kuikatalia nguvu hiyo. Vinanyooka, mikono inapanda juu, na ufito wa fimbo unasimama wima zaidi kuliko ulivyokuwa mwanzoni.

Mwili unalazimika kuipisha mikono hiyo iliyopanda. Kiuno kinasogea kuelekea mpira, mgongo unainuka kidogo, magoti yanakunjuka. Wachezaji bora duniani hufanya hivyo kila siku kwa ustadi mkubwa, na sisemi kwamba wanakosea. Lakini ni kitu cha ziada cha kupatanisha ndani ya robo ya sekunde.

Swingi ya bapa moja inaanza pale ambapo ile nyingine inaishia. Pembe ya kifundo cha mkono imeshafunguliwa tangu mwanzo, mikono iko juu, ufito wa fimbo na kigasha cha mkono wa kulia (kuanzia kiwiko hadi kifundo) viko kwenye mstari mmoja. Nguvu ya kombeo ikija, haina kitu kikubwa cha kunyoosha.

Ukilielewa hilo, utajua pia la kutafuta kwenye picha. Swali lako kubwa ni moja tu: mstari wa fimbo wakati wa kusimama, na mstari wa fimbo wakati wa kugonga mpira, vimeachana kwa digrii ngapi?

Waliotutangulia

Mcheza gofu Moe Norman alizaliwa Kitchener, Kanada, mwaka 1929, akafariki 2004. Alichukua ubingwa wa ridhaa wa Kanada mara mbili mfululizo, 1955 na 1956, na watu walimwita bomba la mafuta kwa jinsi mipira yake ilivyokuwa haipindi. Tiger Woods alimtaja pamoja na Hogan kuwa wachezaji wawili ambao swingi zao zilikuwa mali yao kwelikweli. Miguu yake ilikuwa imetanuka sana, mikono imenyooka mbele, fimbo nyuma ya mpira. Nilipoona picha zake kwa mara ya kwanza nilimwona mzee wangu wa Jinja.

Wa pili ni Bryson DeChambeau, Mmarekani aliyesomea fizikia chuoni, aliyeshinda U.S. Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, mwaka 2020 na tena 2024. Yeye ameyafikia karibu hayohayo kwa mlango mwingine: mipini minene inayokaa kiganjani, mikono iliyoinuliwa, na fimbo za chuma zote zenye urefu mmoja, takribani inchi 37.5.

Tafadhali usichanganye mambo mawili hapo. Fimbo za urefu mmoja na swingi ya bapa moja si kitu kimoja. Norman alicheza kwa fimbo za kawaida zinazopishana urefu. Nimeona watu wakitafuta pesa za seti mpya wakidhani bila hiyo hawawezi kuanza. Si kweli.

Hatua ya kwanza: kupiga picha inayosema ukweli

Nusu ya uchambuzi mbovu ninaouona unatokana na simu iliyowekwa vibaya. Ukiisogeza simu hatua moja kushoto au kulia, swingi ileile itaonekana swingi nyingine, na utaanza kutibu ugonjwa wa simu badala ya ugonjwa wa mchezaji.

Tafuta fito mbili zilizonyooka. Moja ilaze ardhini ikielekea shabaha, nje kidogo ya mpira. Ya pili ilaze sambamba na ile ya kwanza, chini ya mahali mikono inapokaa mchezaji akisimama. Simu iweke nyuma ya ufito huu wa pili, hatua nne hivi kutoka kwa mchezaji, jicho la kamera yake likiangalia sambamba na fito, kwenye kimo cha mikono yake. Hii nitaiita picha ya nyuma. Kumbuka kwamba mchezaji wa bapa moja anashika fimbo mbali zaidi na mwili. Usiweke simu nyuma ya vidole vya miguu kwa mazoea.

Picha ya pili ni ya mbele: simu inamtazama mchezaji kifuani, ikiwa imenyooka na mpira, nayo kwenye kimo cha mikono.

Simu isishikwe na mtu. Ifunge kwenye mfuko wa gofu uliosimama, au kwenye kigingi, ilimradi isitikisike kati ya kusimama na kupiga. Ikitikisika, kulinganisha kwako hakuna maana tena.

Kasi ya picha ni jambo la hesabu. Simu nyingi hupiga fremu, yaani picha moja moja, 30 kwa sekunde. Kichwa cha fimbo chenye kasi ya mita 36 kwa sekunde husafiri mita 1.2 kati ya fremu moja na nyingine, yaani fremu ya kugonga mpira huenda usiipate kabisa. Tumia mwendo wa polepole wa fremu 240. Hapo kichwa husogea sentimita 15 tu kati ya fremu na fremu, na ukirudia swingi tano utaipata fremu unayoitaka.

Mwanga nao. Sisi tuko karibu na Ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, uso wa mtu una kivuli cha kofia na fimbo inameremeta. Mimi hupiga picha kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, jua likiwa nyuma ya simu. Mwanga ukiwa hafifu, fimbo inageuka ukungu. Na ukiona ufito umejipinda kama upinde wakati wa kugonga, usishtuke: kamera za simu husoma picha mstari kwa mstari, na kitu chenye kasi hupindishwa. Ukipima, tumia sehemu ya ufito iliyo karibu na mikono, maana haina kasi kubwa.

Hatua ya pili: kuchora mstari wa mwanzo

Simamisha picha ya nyuma kabla fimbo haijaanza kusogea. Ukiwa na programu ya kuchorea, vizuri. Usipokuwa nayo, kata kipande cha nailoni angavu, kibandike juu ya kioo cha simu, uchore kwa kalamu ya wino mzito.

Mstari wa kwanza upite kwenye ufito, kutoka kichwa cha fimbo hadi mpini, kisha uendelee juu bila kupinda. Kwa mchezaji wa bapa moja, mstari huo unafuata kigasha cha kulia mpaka kwenye kiwiko, au karibu nacho. Kwa mchezaji wa kawaida unatoka mikononi na kuingia kwenye mkanda wa suruali. Tofauti hii inaonekana kwa macho, haihitaji kipimo.

Chora pia duara dogo kwenye mikono, na mstari mfupi wima nyuma ya makalio. Hivyo viwili tutavihitaji.

Mtu akijiita mchezaji wa bapa moja lakini mstari wake unaingia kiunoni, hapo hapo simama. Bado hajafika, na hakuna haja ya kuchambua yanayofuata. Mara nyingi shida iko kwenye mshiko. Mpini ukikaa kwenye mizizi ya vidole vya mkono wa kulia, kifundo cha mkono hujikunja chenyewe na pembe inarudi. Ukikaa zaidi kiganjani, kama unavyoshika mpini wa jembe unapolivuta, kigasha na fimbo vinaweza kunyooka. Ndiyo maana mipini minene huwasaidia wengi wa aina hii. Lakini kunyooka si kukakamaa. Mwambie akushikie fimbo, kisha uitikise kichwa chake. Misuli ya shingo ikisimama, amekaza mno, na kasi yake imekwisha kabla hajaanza.

Kwenye picha ya mbele angalia upana wa miguu, ambao kwa kawaida huzidi mabega, na uti wa mgongo: kwa kuwa mkono wa kulia umeshika chini ya wa kushoto, bega la kulia linashuka na mgongo unainama kidogo kuelekea kulia. Kichwa kiko nyuma ya mpira. Hayo ni sawa.

Hatua ya tatu: fimbo ikirudi nyuma

Hapa nitapita upesi, kwa sababu watu wanapoteza muda mwingi mahali pasipostahili. Jina "bapa moja" linawafanya wadhani kwamba fimbo lazima ifunike mstari uleule kwenye kila fremu. Haiwezi. Mikono ikipanda hadi begani, fimbo huhamia juu ya mstari wa mwanzo, hata kwa Norman ilikuwa hivyo. Tazama mambo mawili: fimbo ikiwa sambamba na ardhi, je, imelala sambamba na mstari wa shabaha au inakwenda nyuma ya mgongo? Na juu kabisa, je, mkono wa kushoto bado uko mbele ya kifua? Mchezaji wa namna hii huzungusha mwili kidogo kuliko wengine na swingi yake ni fupi. Usimrefushe.

Hatua ya nne: kushuka na kugonga

Sogeza fremu moja moja. Kituo cha kwanza ni pale fimbo inaposhuka na kuwa sambamba na ardhi upande wa kulia. Kiwiko cha kulia kinapaswa kuwa kimerudi mbele ya mbavu, na fimbo iwe imekaribia kulala juu ya mstari uliouchora, ikifunika kigasha. Kama fimbo iko juu ya mstari kwa mbali, anashuka kutoka nje, na mpira utakatwa. Kama iko chini yake, amechelewa, na vifundo vya mikono vitalazimika kuokoa.

Kituo cha pili ndicho tulichokijia. Tafuta fremu ya mwisho kabla kichwa cha fimbo hakijagusa mpira. Mstari wa mwanzo uache palepale, chora wa pili juu ya ufito jinsi ulivyo sasa. Pima pembe kati ya mistari miwili kwa kipimapembe cha kibweta cha mwanafunzi. Andika namba. Rudia kwa swingi tano, uchukue wastani, maana mkono wako unaochora nao una makosa ya digrii moja au mbili.

Mimi huisoma namba hiyo hivi. Digrii 0 hadi 3: hii ni bapa moja ya kweli, usiiguse kwa sababu yoyote ya sura. Digrii 4 hadi 6: kuna kitu kinaivuta, endelea kutafuta. Zaidi ya hapo, mchezaji amesimama kwa bapa moja lakini anapiga kwa bapa mbili, na hapo amebeba shida za pande zote. Mipaka hii nimeipata kwa kuwapima wanafunzi wangu. Ukipima wako wengi, unaweza kuirekebisha.

Mzee wangu alikuwa na wastani wa digrii 2. Wiki zile nilizokuwa namrekebisha, kwenye picha ya zamani iliyobaki simuni, alikuwa na 8.

Sasa angalia duara la mikono na mstari wa makalio. Mikono ikiwa imepanda juu ya duara na makalio yameachana na mstari wake kuelekea mpira, umepata sababu: mwili unajinyanyua. Mikono imepanda lakini makalio yametulia? Basi pembe ya kifundo cha mkono haikufunguliwa vya kutosha wakati wa kusimama, na kombeo limeifungua lenyewe.

Rudi kwenye picha ya mbele kwa fremu hiyohiyo. Goti la kushoto bado limekunjwa? Kisigino cha kulia kiko chini, au kimeinuka kidogo tu? Kwa wachezaji wengi wa kisasa goti la kushoto hunyooka kwa nguvu wakati wa kugonga, na hiyo ni chemchemi ya kasi yao. Kwa bapa moja, goti likinyooka mapema linainua nyonga, nyonga inainua mabega, mabega yanainua mikono, na namba yako inaharibika. Hapa pana gharama ya kweli: wengi huachia mita kadhaa za masafa ili wapate unyoofu. Mwambie mchezaji wazi, achague mwenyewe.

Kwenye picha hiyo mikono inapaswa kuwa mbele kidogo ya mpira kwa fimbo za chuma. Huo ni mwegemeo wa mbele, na hauna uhusiano na bapa. Usiuhesabu mara mbili.

Hatua ya tano: kuuliza fimbo na ardhi

Picha ikimaliza kusema, kuna mashahidi wengine watatu.

Paka uso wa fimbo poda ya mtoto, au unga mkavu wa muhogo, kisha piga mipira kumi. Alama zikikusanyika kwenye ncha, upande wa kichwa cha fimbo ulio mbali na ufito, mchezaji anasimama mbali mno au mikono inarudi ndani. Zikikusanyika kisiginoni mwa fimbo, upande unaoungana na ufito, mikono inasukumwa nje, na mara nyingi utakuta makalio yamehama.

Kisha chora mstari mnene wa kalamu ya wino kwenye mpira, uuweke ukiwa wima na kuutazama uso wa fimbo. Baada ya kupiga, mstari utakuwa umehamia kwenye fimbo. Ukiwa wima juu ya mifereji iliyochongwa usoni mwa fimbo, fimbo imefika ikiwa imelala sawasawa. Juu ya mstari kukiinamia kwenye ncha, fimbo ilifika ikiwa wima mno, kisigino chini. Kukiinamia kisiginoni, ilifika ikiwa imelala mno, ncha chini.

Shahidi wa tatu ni kidonge cha nyasi, yaani alama inayobaki pale fimbo ilipong'oa nyasi na udongo. Kinapaswa kuanza baada ya mahali mpira ulipokuwa, na kwa bapa moja mara nyingi ni chembamba na kirefu, kama ngozi iliyochunwa. Lakini jihadhari na misimu yetu. Kati ya Machi na Mei, na tena Septemba hadi Novemba, ardhi imelowa na kila mtu anachimba. Pima kidonge siku kavu. Na masafa usiyalinganishe na ya rafiki yako anayecheza Mombasa: Jinja na Kampala ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali zaidi kwa swingi ileile.

Fimbo zipindwe au zisipindwe

Mikono ikiinuliwa, ufito unasimama, na ncha ya fimbo ya kawaida inachungulia chini. Mchezaji akiiona hivyo wakati wa kusimama, anakimbilia kutaka fimbo zipindwe ziwe wima. Subiri. Fimbo ya kawaida imetengenezwa kwa mtu ambaye mikono yake itapanda wakati wa kugonga. Kwa hiyo mtu wa bapa moja anaweza kusimama na ncha iliyoinama kidogo na bado akagonga vizuri kuliko anavyodhani. Kinachoamua ni mstari wa kalamu ulio kwenye uso wa fimbo. Kama mara tisa kati ya kumi unainamia kisiginoni, hapo ndipo fimbo zinahitaji kupindwa.

Kazi hiyo ipeleke kwa mtu mwenye mashine yake. Chuma kilichofuliwa hupindika, kilichomiminwa kwenye kalibu ni kigumu na huweza kukatika. Usimpe fundi wa kuchomelea milango aitie moto.

Na anayefikiria kujikatia seti ya urefu mmoja kutoka fimbo za mitumba ajue hili: vichwa vya fimbo za chuma huongezeka uzito takribani gramu 7 kila namba inapopanda, ili kufidia ufito unaofupishwa. Ukiikata namba 4 iwe na urefu wa namba 7, unabaki na kichwa chepesi cha gramu kama 20 pungufu. Lazima ukirudishie kwa utepe wa risasi, na bado haitakuwa sawa kabisa na iliyotengenezwa hivyo kiwandani.

Hatua ya sita: kurekebisha kitu kimoja

Chagua kosa moja lililotajwa na picha na pia na shahidi mmoja wa fimbo au ardhi. Kosa lililoonekana kwenye picha peke yake, lipumzishe kwanza.

Kwa anayejinyanyua, msimamishe makalio yakigusa kwa mbali mfuko wa gofu uliosimamishwa nyuma yake. Apige nusu swingi kwa chuma namba 8, mipira 20, makalio yasiuache mfuko mpaka mpira uwe umeondoka. Ni zoezi la kuchosha mapaja. Lifanye mwanzoni mwa mazoezi, mtu akiwa na nguvu.

Kwa ambaye kifundo cha mkono kinajikunja, tumia mmoja wa zile fito mbili za kupigia picha: ushike pamoja na mpini ili ulale juu ya kigasha cha kulia mpaka karibu na kiwiko. Arudishe fimbo hadi kiunoni na kushuka taratibu bila mpira. Ufito ukiachana na mkono wakati wa kushuka anausikia mara moja, huhitaji kumwambia neno.

Kwa anayeshuka kutoka nje, nampa slasha. Tunakwenda pembeni, mbali na feawei na mbali na watu, penye nyasi ndefu. Afyeke mstari wa hatua kumi kwa mkono wa kulia, polepole, nyasi zibaki na kimo kimoja. Kisha arudi kwenye mpira na mkono ukiwa bado na joto la kazi ile. Sijapata zoezi linaloeleweka haraka kuliko hilo kwa mtu aliyekulia kwetu.

Baada ya wiki mbili piga picha tena: fito zilezile, hatua nne zilezile, saa ileile ya asubuhi, fimbo ileile. Andika tarehe na namba kwenye daftari. Namba ikishuka kutoka 6 hadi 4 huku alama za poda zikisogea katikati ya uso wa fimbo, endelea na zoezi hilohilo. Ikishuka lakini alama zimetawanyika, punguza kasi ya swingi kwanza. Isiposhuka kabisa, rudi hatua ya pili uangalie mshiko, kwa sababu kwa wanafunzi wangu wengi nilikuta mpini umerudi vidoleni polepole bila wao kujua.